Kitambaa cha Farasi wa Bibi Harusi: Kisa cha Udarizi wa Wasakha

Katika mila ya Wasakha, ambao nje ya kwao wamezoeleka kwa jina la Wayakuti, binti wa familia yenye uwezo hakwenda kwa mumewe kwa miguu. Alipandishwa farasi, na farasi mwenyewe alipambwa kama vile naye anaolewa. Tandiko lilipigiliwa mabamba ya fedha yaliyochorwa na mhunzi. Mgongoni na mbavuni mwa mnyama vilitandikwa vitambaa vizito vya sufu vilivyodariziwa kwa hariri, zari na shanga. Wenyewe huviita chapparaakh na kychym. Binti alisafiri akiwa amefunikwa uso, kwa hiyo watu wa upande wa pili walikiona kitambaa cha farasi kabla ya kumwona mkwe wao. Kazi ya mikono ya kwao ilitangulia kusema yeye ni mtoto wa nani.

Siku hizi mabibi harusi wa Yakutia hupanda gari. Hata hivyo kychym bado zinashonwa. Kuna wanawake wanaokaa miezi juu ya kitambaa kimoja, na Jamhuri ya Sakha huwapa mafundi bora wa kazi za jadi cheo rasmi cha Fundi wa Jadi. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: mdarizi anayetengeneza pambo la farasi wakati safari iliyolihitaji pambo hilo imekwisha. Analinda nini hasa, na anakilinda vipi?

Tuanze na mahali penyewe, kwa kifupi. Yakutia ni jamhuri ndani ya Urusi, huko Siberia ya kaskazini mashariki, yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni 3. Ukizijumlisha Tanzania, Kenya na Uganda, bado hazifikii. Watu wake wote ni karibu milioni moja, na sensa ya 2021 iliwahesabu Wasakha karibu 478,000. Lugha yao ni ya jamii ya Kituruki. Wahenga wao walitoka kusini wakiwa na farasi na ng'ombe, wakaingia nao katika nchi ambayo ardhi yake chini imeganda mwaka mzima, na ambako Januari ya nyuzi 40 chini ya sifuri ni Januari ya kawaida. Farasi wa Kisakha hukaa nje majira yote ya baridi, akifukua theluji kwa kwato ili aifikie nyasi. Katika imani yao ya kale, farasi ametolewa na mungu aitwaye Dyöhögöy. Maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa, yaani kumis, ndiyo kinywaji cha ibada. Msomaji akilishika hilo ataelewa kwa nini kitambaa cha farasi kilishonwa kwa uangalifu uleule wa vazi la mwanadamu.

Mezani kwa mdarizi

Zamani kazi hii ilifanywa wakati wa baridi, ndani ya balagan, nyumba ya magogo yaliyosimamishwa kwa mshazari na kukandikwa udongo na samadi. Madirisha yake yalikuwa madogo, na ikifika baridi kali yaliwekwa vipande vya barafu safi badala ya kioo. Mwanga uliopita kwenye barafu ulikuwa hafifu, mwingine ukatoka kwenye moto wa meko. Wacław Sieroszewski, Mpolandi aliyehamishiwa huko na serikali ya Tsar kama adhabu, aliishi kati ya Wasakha kwa miaka 12 na mwaka 1896 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu maisha yao. Kutokana na maandishi kama hayo tunajua nyumba hizi zilivyokuwa na jinsi siku za baridi zilivyopita humo. Nikizitazama kazi za karne ya 19 zilizomo makumbusho, zenye mistari iliyopangika bila kuyumba, huwa nafikiria yale macho.

Sasa tazama namna kitambaa kinavyokwenda. Chini ni sufu nzito, ile tunayoiita joho, mara nyingi nyekundu au nyeusi. Vitambaa vingi vya aina hii vina uwanja wa kati na mikanda ya rangi inayouzunguka, mmoja baada ya mwingine, na kila mkanda una nakshi yake. Kuna duara, ambalo wengi hulisoma kuwa jua. Kuna vikunjo vinavyokwenda kama pembe za kondoo. Juu ya zote kuna köghüör, umbo la mikono miwili inayopanda, ikapinda nje, kisha ikarudi ndani. Jina lake limetokana na chombo cha ngozi cha kuchachushia kumis. Nakshi hii huhusishwa na neema, uzazi na wingi wa mifugo, na ndiyo maana imejaa kwenye vitu vya bibi harusi.

Mshono hutegemea uzi. Hariri hupita ndani ya kitambaa kama kawaida, kwa mshono wa mnyororo au wa kujaza. Zari haipiti. Uzi wa zari ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi mwingine, na ukiulazimisha kupita kwenye tundu la sindano na sufu nzito, ule utepe huchanika na kubanduka. Basi mdarizi huulaza juu ya kitambaa kufuata mchoro, kisha huufunga kwa vishono vidogo vya uzi mwembamba, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi zinazolingana. Kwenye kona ya köghüör, pale mkono unapopinda, vishono hukaribiana ili zari isiinuke. Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Anayejifunza huacha pengo kwenye kona, na baada ya muda zari hufumuka kuanzia papo hapo.

Kwa ngozi na manyoya, Wasakha walitumia uzi wa kano za wanyama. Kano hukaushwa, hupondwa mpaka zikalegea, huchanwa nyuzinyuzi, kisha husokotwa kwa kiganja. Uzi huo ukilowa huvimba na kuziba tundu la sindano, kwa hiyo kiatu hakipitishi maji. Viatu vyao vya ngozi, etherbes, vina mkanda wa juu unaodariziwa au kushonewa shanga, na hapo pia kila kitu kina nafasi yake: mkanda hukaa kwenye mdomo wa kiatu, mahali nguo inapofunguka. Wataalamu wa mavazi ya Siberia wanasema mapambo ya kwenye pindo, mikono na mipasuo yalikuwa pia kinga, kwa kuwa ni katika nafasi hizo ubaya ungeweza kupenya.

Sijaisahau kazi ya mhunzi. Wasakha wana usemi kwamba mhunzi na mganga ni wa kiota kimoja. Mabamba ya fedha yaliyoshonewa kwenye kitambaa yalichorwa vikunjo vilevile alivyovidarizi mwanamke kwa hariri. Kychym moja kwa hiyo ni kazi ya nyumba mbili, na atakayeirudia leo bila mhunzi atapata nusu yake tu.

Vitu vya mbali vilivyogeuka vya nyumbani

Watetezi wa jadi wana kishawishi cha kusema kwamba kila kitu kilizaliwa palepale. Kwa udarizi wa Wasakha dai hilo halishiki, na mimi naona ukweli wake ni mzuri zaidi. Warusi walijenga ngome yao kwenye mto Lena mwaka 1632, na kutoka hapo ukaja mji wa Yakutsk. Walitaka manyoya ya wanyama kama kodi. Pamoja nao ikaja biashara: joho, shanga za kioo, vyuma. Tangu mwaka 2002 wanaakiolojia wa Ufaransa na wa Yakutia, kwa upande wa Wafaransa wakiongozwa na Éric Crubézy, wamefukua makaburi zaidi ya 100, mengi ya karne ya 17 hadi ya 19. Barafu ya ardhini imehifadhi miili pamoja na nguo zake. Humo wamekuta hariri ya China, shanga zilizotoka Ulaya na joho la Urusi, vyote vimekatwa na kushonwa kwa namna ya Kisakha.

Hata gauni pana liitwalo khaladaay, ambalo leo wanawake wengi hulivaa kwenye sherehe kama vazi la asili, lilipata umbo lake kwa kukutana na mavazi ya Kirusi. Vivyo hivyo koti lenye mabega yaliyotuna. Mdarizi wa zamani hakuiogopa bidhaa ngeni. Aliiuliza itakaa wapi kwenye mpangilio wake, akaipangia kazi. Sisi wa pwani tunaijua hali hiyo kwa kanga: kitambaa kimechapwa India, baadaye Japani, baadaye tena viwandani kwetu, lakini pindo, mji na jina vimebaki pale pale, na mtu akivichanganya hata mtoto atasema hii si kanga.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa. Nakshi peke yake ni rahisi kuhifadhi: unaipiga picha, unaichapisha, imekwisha. Kinachopotea upesi ni kujua nakshi ipi inakaa wapi, juu ya nani, siku gani. Mdarizi mzuri wa Yakutia leo ni mlinzi wa elimu hiyo ya nafasi, na thamani ya kazi yake ipimwe hapo kabla ya kupimwa kwa wingi wa vishono.

Jinsi uzi ulivyokatika

Kitambaa cha farasi wa bibi harusi kilishikiliwa na nguzo kadhaa. Kulikuwa na khalyym, mahari iliyotoka upande wa mume. Kulikuwa na enne, mali ambayo binti alikwenda nayo, na mapambo ya farasi yalikuwa sehemu yake. Kulikuwa na mifugo ya ukoo, na mwanamke mzee wa nyumbani aliyefundisha mabinti sindano tangu utotoni.

Nguzo hizo ziliondolewa karibu kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sheria ya jinai ya Urusi ya Kisovieti iliifanya mahari kuwa kosa, ikiihesabu miongoni mwa mabaki ya maisha ya kikabila. Kisha likaja shirika la lazima la mashamba na mifugo, na farasi wakawa mali ya ushirika. Matajiri wa vijiji, ambao ndio waliokuwa wakiagiza kychym zilizo bora kabisa, walinyang'anywa mali. Waganga waliandamwa. Ysyakh, sikukuu ya kiangazi ya kumwaga kumis na kuomba baraka, ikageuzwa kuwa tamasha la kazi na michezo.

Sheria hizo hazikutaja sindano wala kupiga marufuku udarizi. Ulififia kwa sababu wateja wake, matukio yake na wanyama wake waliondoka. Nasikitika kila nikilifikia jambo hili, kwani ndivyo sanaa nyingi za mikono zinavyokufa, na aghalabu anayeziua hajui kwamba ameziua.

Kilichookolewa kiliokolewa na watu wachache. Makumbusho ya Yakutsk yalianzishwa mwaka 1891, na humo alifanya kazi Mikhail Nosov, mchoraji na mtafiti wa maisha ya watu aliyezaliwa 1887 na kufariki 1960. Alichora na kuandika juu ya mavazi ya Wasakha ya karne ya 17 na ya 18, mapambo yake na vyombo vya nyumbani, wakati ambao vitu hivyo vilikuwa vikisambaratika. Huko New York, Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili yana vitu vya Kisakha vilivyokusanywa na Waldemar Jochelson mwaka 1902, katika msafara mkubwa wa utafiti wa pande mbili za Pasifiki ya kaskazini. Petersburg nayo ina hazina yake. Mdarizi wa leo akitaka kuona kazi bora za kijiji cha bibi yake, huenda ikambidi azitafute katika mji ambao bibi huyo hakuwahi kuusikia.

Kurudi, lakini kurudi wapi?

Septemba 1990 Yakutia ilitangaza mamlaka yake ndani ya Urusi iliyokuwa ikibadilika, na miaka iliyofuata Ysyakh ikarudi kwa sura yake ya sala, kumis na ngoma ya duara, ikawa sikukuu ya kitaifa na siku ya mapumziko. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza olonkho, tenzi ndefu za kishujaa za Wasakha, kuwa hazina ya binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa kwenye orodha yake ya urithi. Mwaka 2000 chuo cha utamaduni na sanaa cha Aktiki kilifunguliwa Yakutsk. Hayo yote yaliusaidia udarizi, ila siyo kwa kiwango kimoja.

Kwa maoni yangu Ysyakh imefanya mengi kuliko vyeti na orodha zote. Sababu ni ya kawaida kabisa: kila mwaka mwezi Juni watu wengi mno wanahitaji nguo. Msichana anataka khaladaay, mama anataka mapambo ya kifuani na mgongoni ya fedha, wazee wanataka kofia na viatu. Na katika sherehe hizo huonekana farasi waliovikwa mapambo kamili. Hapo kychym inarudi ilikotoka. Iko juu ya mnyama anayetembea, inapigwa na upepo na vumbi, na mdarizi anaweza kuona kama kazi yake inaning'inia sawasawa au inajikunja.

Kwa upande mwingine, kychym nyingi za kisasa hazigusi farasi hata siku moja. Hushonwa kwa ajili ya ukuta, zikawekewa fremu, zikapewa viongozi na wageni. Simlaumu mdarizi, ukuta unalipa, na bila mapato hakuna miezi ya kukaa na sindano. Lakini ukuta hubadilisha kazi yenyewe. Kitambaa cha ukutani hutazamwa uso kwa uso na mtu aliyesimama, kwa hiyo mshonaji huanza kuipeleka nakshi kubwa katikati. Kitambaa cha farasi hutazamwa kutoka pembeni, nacho kinatembea, na sehemu yake moja imefichwa na tandiko na mguu wa mpandaji. Uzuri wake umewekwa pale jicho linapofika. Baada ya vizazi viwili vya kushonea ukuta, mwanafunzi atarithi nakshi sahihi katika mpangilio ambao haungemfaa farasi yeyote.

Shinikizo la pili ni mashine. Leo mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta huimaliza köghüör kwa dakika, na chapa za nakshi hizo zimejaa kwenye vitambaa vya nailoni, fulana na mifuko. Wapo mafundi wanaoichukia mashine moja kwa moja. Mimi sifiki huko. Mtoto wa Yakutsk anayevaa koti la kiwandani lenye nakshi ya kwao amepata kitu. Tatizo huja pale nakshi ya bibi harusi inapokutwa kwenye zulia la mlangoni, na mnunuzi hana wa kumwambia. Wa kumwambia ni yule mdarizi, endapo bado yupo na bado anasikilizwa.

Na je, kuna wanaomfuata? Ufundi huu haufundishiki kwa semina ya wikiendi. Kuna mambo ambayo mkono huyapokea kutoka kwa mkono mwingine: kiasi cha kuvuta uzi ili sufu isikunjamane, muda wa kulowesha kano, namna ya kuhesabu nafasi ili nakshi za mkanda zikutane kwenye kona bila kukatwa nusu. Hili la kona ni mtihani halisi. Anayeanza kushona upande mmoja bila hesabu hujikuta anamalizia na nusu ya umbo, na hapo hana budi kufumua. Fundi huanzia kona zote nne, akaja katikati ya kila upande, na pale ndipo anapounganisha. Ukiitazama kazi ya zamani kwa makini, katikati ya mkanda utaona umbo moja lililobanwa kidogo au kutanuliwa kidogo. Ndipo mikono miwili ya kazi ilipokutana. Nakala za mashine hazina umbo hilo, kwa sababu kompyuta huligawanya pengo sawasawa.

Urusi ina sheria ya kazi za sanaa za jadi tangu mwaka 1999, na cheo cha Fundi wa Jadi kinampa mdarizi heshima mbele ya watu. Ni vizuri. Ila ningetamani msaada uelekezwe zaidi kwenye matukio kuliko kwenye maonyesho. Wilaya ikiagiza kychym ya farasi atakayepandwa kwenye Ysyakh ya mwaka ujao, na ikamlipa mdarizi, mhunzi na mtengeneza tandiko kwa pamoja, wale watatu watalazimika kukaa meza moja, wampime farasi, wabishane. Mwanafunzi aliyekaa pembeni atasikia ubishi huo, na ubishi huo ndiyo elimu ya nafasi ninayoisema.

Kuna jambo jingine ambalo makumbusho yanaweza kulifanya bila gharama kubwa, na nadhani lingewafaa wadarizi kuliko maonyesho kumi. Picha za vitambaa hivi, zikiwemo zile zinazotazamika kwenye mtandao kutoka New York, kwa kawaida huonyesha upande wa mbele. Mbele kunaonyesha nakshi. Nyuma ndiko kunakoonyesha uzi ulianzia wapi, ulirukia wapi, zari ilifungwa kwa nafasi gani, kiraka kipi kiliongezwa baadaye, na kama kazi ilikuwa ya mkono mmoja au miwili. Mdarizi aliyeko Vilyuy, huko Yakutia, hawezi kusafiri hadi Marekani kukigeuza kitambaa kwa mkono wake. Basi wenye funguo za makabati wavigeuze, wavipige picha kwa karibu, kona zote nne na katikati ya kila mkanda, na wamtumie.